Pazia Katika Darasa la Moyo

Kayole,
10 Machi 1996

Kwa Mama wa Ndunge,

Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kikamba singeweza kukuandikia neno "suruali". Haki ya Mungu nilijaribu. Kalamu ilikataa.

Jana nilifika ukumbi wa kanisa hapo Makadara saa tatu asubuhi, kama kila Jumamosi tangu Februari. Nikafungua mlango, nikakuta wagonjwa wa moyo wanazunguka, na wa tatu kwenye mstari ni wewe. Wewe, mama mzazi wa mke wangu! Trakisuti ya buluu, raba nyeupe, magoti yakiinuliwa mpaka kiunoni. Miaka kumi na minne tangu nimwoe Ndunge sijawahi kukaa chumba kimoja nawe. Tukikutana njiani mimi huingia kichakani, wewe hujifunika leso usoni. Jina lako silitaji, na langu hulitaji. Hiyo ndiyo nthoni, haya ya mkwe na mama mkwe wake, na mimi nimeishika kuliko wakwe zako wote. Halafu unaniletea magoti.

Nilikimbia. Nilishuka zile ngazi za nje mbio, jambo ambalo Sista Asenath, nesi wa darasa letu la mazoezi ya moyo, ametukataza kabisa, nikakaa kando ya mtaro dakika ishirini nimeshika kifua. Kama ningekufa pale ungemwambia nini mtoto wako?

Sasa sikiza. Sikujua kwamba wewe ni mgonjwa, Ndunge hakuniambia. Na wewe hukujua juu yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyemkataza asikwambie. Sikutaka ufurahi. Novemba moyo ulinigonga nikiwa kwenye usukani, bahati tu lori lilikuwa limesimama getini pa kiwanda huko Industrial Area. Kampuni imenipa mpaka mwisho wa Mei. Daktari wao anataka kadi yenye mihuri ya darasa hili, na mtihani wa kutembea tarehe nne Mei: dakika sita, urefu wa ukumbi mara ishirini na mbili, bila kusimama. Ukikosa darasa mara mbili unaanza upya, na jana nimekosa moja kwa ajili yako. Bila kadi hakuna lori. Bila lori, Ndunge na watoto watatu watakuja kulala kwako.

Mimi ndiye niliyetangulia. Wewe ondoka. Kama ni kutembea, Jogoo Road ni ndefu.

Ni mimi,
Baba Mbeti


Makadara,
12 Machi 1996

Baba Mbeti,

Salamu sina. Na mimi naandika Kiswahili, lakini kwa sababu zangu: Kikamba kina adabu nyingi ambazo sitaki kukupa.

Ati niondoke. Ng'o!

Kwanza, kumbe ulinitazama vizuri. Rangi ya trakisuti unaijua, rangi ya raba unaijua, magoti umeyapima mpaka yalipofika. Mkwe mwenye haya angefumba macho mlangoni. Trakisuti alininunulia Ndunge, na rangi alichagua mtoto wako Mbeti. Ukitaka kulalamika, anzia nyumbani kwako.

Pili, hunijui hata kidogo. Mimi nimelima mashamba ya Mbooni miaka arobaini nikibeba kuni, maji na watoto. Leo nikipanda ngazi kwa dada yangu Kavutha, ninapokaa sasa kwa ajili ya matibabu, orofa ya tatu, napumzika mara nne na bado nafika juu sioni. Daktari alisema moyo wangu umelegea. Nilidhani atanipa dawa na kitanda. Akasema dawa nitameza, lakini kitanda ndicho kitaniua, niende kwa Sista Asenath anifundishe kutembea upya. Kutembea, mimi! Nililia njia nzima. Lakini nilienda, wiki tatu darasa la Jumatano, kisha Ndunge akanihamishia Jumamosi, na sasa ngazi zile napumzika mara tatu. Unataka niache hiyo mara moja niliyoipata nirudi nyuma kwa sababu wewe ulitangulia kufika?

Jogoo Road tembea wewe. Mimi sitaki kugongwa na dereva wa aina yako.

Wewe unataka lori. Mimi nataka pumzi. Nitakuwa pale Jumamosi saa tatu, mstari wa mbele. Kichaka hakuna ukumbini, kwa hivyo tafuta mapema pa kujificha.

Mama wa Ndunge


Makadara,
17 Machi 1996

Kwa Bwana Kyule na Mama Mbinya,

Nimeandika barua moja, nakala mbili, kila mtu na yake, ili asiwepo wa kusema hakuambiwa.

Kwetu Vihiga pia mkwe na mama mkwe hawaonani ovyoovyo, kwa hivyo siwacheki. Lakini jana hapana. Bwana Kyule alifanya mazoezi yote nje ya dirisha, mvua ikimnyeshea, mtu aliyelazwa kwa moyo miezi minne iliyopita. Mama Mbinya naye, ili asilitazame dirisha, alitembea kinyumenyume akamwangusha Mzee Patrobas. Mzee ana miaka sabini na moja. Anawasamehe, mimi bado.

Pasta ametupa pazia la mchezo wa Krismasi. Nitalifunga katikati ya ukumbi kutoka mlangoni hadi madhabahuni. Wanaume upande wa dirisha, wanawake upande wa piano. Hakuna atakayemwona mwenzake.

Na jambo hili ni la kufa na kupona. Katika darasa langu watu hutembea wakiongea. Ukiweza kuongea, moyo uko sawa. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Maneno yakianza kukatika, punguza, kaa kwenye kiti. Sina mashine, hicho ndicho kipimo changu. Nyinyi wawili mnatembea midomo imefungwa, kila mmoja hataki mwenzake asikie sauti yake. Nitajuaje nani amechoka? Hesabuni, salini, tajeni majina ya wajukuu, lakini mfungue midomo.

Asenath Opicho


Makadara,
31 Machi 1996

Baba Mbeti,

Wiki mbili sasa tuna pazia, na nimegundua kwamba kutokukuona hakutoshi. Unahema mpaka kitambaa kinatikisika. Na kila ukifika mwisho wa ukumbi unakohoa ili nijue umefika kabla yangu. Nani alikwambia tunashindana? Nimekupita mara mbili jana, kama hukujua.

Sista ananigombeza niongee. Niongee vipi na wewe uko hapo? Nikuachie usikie mama mkwe wako akihema? Wewe unahesabu kwa sauti kubwa kama karani wa mizigo, huna haya. Mimi mdomo sifungui.

Na nthoni hii, kama ni kuisha, ingekuwa imeisha zamani. Nimeshika neno hili miaka saba, leo nalitoa. Agosti 1989 tulikungoja nyumbani Mbooni. Unajua desturi kama mimi: mkwe akitaka haya iishe huja mwenyewe, na mbuzi na blanketi, humfunika mama mkwe mabegani kwa mikono yake, wanakula pamoja, na tangu hapo wanaongea kama watu. Nilipika kuanzia alfajiri. Nilialika wanawake wote wa kanisa. Saa nane akatokea mwuza mkaa, blanketi limefungwa juu ya gunia lake, mbuzi akivutwa nyuma, ananiambia, "Umetumiwa." Mkwe hayuko. Wanawake wakaangalia chini, wengine wakaziba midomo wasicheke. Nililirudisha blanketi na yule yule mwuza mkaa, na mbuzi wako pia. Mpaka leo huko nyumbani kuna wanaoniita Mama wa Makaa.

Mtu anayemtuma mwuza mkaa kunivika blanketi ananiona mimi ni nini? Halafu unaniandikia juu ya heshima!

Mama wa Ndunge


Kayole,
3 Aprili 1996

Kwa Mama wa Ndunge,

Umenichokoza, sasa utasikia.

Siku hiyo ya Agosti nilishuka kwenye basi nimevaa shati jeupe jipya, mbuzi mkononi, blanketi begani. Nikaupanda ule mlima wako. Pale kwenye daraja la mawe, nyumba yako ninaiona juu, moshi wa jikoni nauona, kifua kikanishika. Nilihisi mtu mzima amenikalia. Mkono wa kushoto ukafa ganzi, jasho likanilowesha shati lote. Nilikaa chini katikati ya barabara nikashindwa hata kuita. Muda mrefu. Mwuza mkaa ndiye aliyepita, nikampa mzigo, nikamwomba akupelekee bila kusema amenikuta vipi. Kisha nikashuka polepole nimeshika ukingo wa barabara mpaka stendi, na huko ndiko alikonirudishia vyote.

Sikumwambia mtu. Ndunge nilimwambia nimekasirika njiani nikarudi, akanuna mwezi mzima. Dereva akitaja neno moyo kampuni inamnyang'anya funguo siku hiyo hiyo. Ningekuwa nimemwambia daktari 1989, labda Novemba ile isingekuja.

Kwa hivyo miaka saba umenichukia kwa sababu nilikuwa nakufa chini ya nyumba yako. Wewe umeaibika mbele ya wanawake. Pole sana, umeumia!

Sitaki unijibu. Nataka ukome tu.

Baba Mbeti


Makadara, kwa Mama Mdogo Kavutha,
7 Mei 1996

Baba Mbeti mpenzi,

Naandika haraka, Mama Mdogo ananingoja turudi hospitali. Usihangaike na watoto, mwambie Mbeti apike ugali, anajua.

Mama yuko hai. Leo amekunywa uji. Daktari anasema tangu Jumamosi wamemtoa maji mengi mapafuni, na kwamba angekaa sakafuni dakika chache zaidi tungekuwa tunapanga mazishi. Sista Asenath alikuja jana akanieleza yote, nikalia mbele ya watu. Alikuwa upande wenu, macho kwenye saa, kwa sababu ya mtihani wako. Wanawake wengine walikuwa wametoka nje kunywa maji, Mama peke yake akakataa kupumzika, unamjua. Na kwa vile huwa hasemi neno anapotembea, hakuna aliyejua kwamba pumzi imemwishia. Akaanguka nyuma ya mabenchi. Ni wewe tu uliyesikia. Ukasema, "Sista, kuna mtu ng'ambo."

Kanisani Jumapili Pasta alikutaja. Mzee Patrobas anasema Mungu alikupa vyote viwili siku moja, mtihani umepita na mama mkwe umemwokoa. Kyule, miaka yote hii mlinifanya sanduku la siri zenu. Yule asijue hili, huyu asijue lile. Nitakuambia ukweli: nilimpeleka Mama darasa lile nikijua kabisa utamkuta. Nilitaka muonane hata kama ni kwa mshtuko. Nilipoona barua zenu zinavyopishana, hata bila kuzifungua, nilijuta. Leo sijuti.

Lakini sijui ana nini. Nikitaja jina lako anageukia ukuta.

Mke wako,
Ndunge


Makadara,
20 Mei 1996

Baba Mbeti,

Nimetoka hospitali Ijumaa. Wananibeba kwenye kiti kama askofu. Kila anayekuja kuniona anakusifu, na mimi naitikia kwa kichwa wanywe chai waende.

Mwili ulianguka, masikio hayakuanguka. Nilikuwa chini, shavu kwenye saruji, sauti hakuna. Nilishika pazia, nikavuta. Mkono wangu ukatokea upande wako, chini, kati ya benchi na benchi. Ulikuwa unahesabu. Ulisema, "Kumi na nane." Kisha ukanyamaza. Hatua zikapungua. Nikasema moyoni, ameniona, asante Yesu.

Halafu ukasema, "Kumi na tisa."

Ukaupita mkono wangu. Ishirini. Ukaupita tena. Ishirini na moja. Ishirini na mbili. Nikasikia Sista akikupongeza. Ndipo ukasema kuna mtu ng'ambo, na pumzi yako imetulia kabisa.

Usithubutu kuniandikia kwamba ni nthoni. Nthoni haiwezi kuhesabu hadi ishirini na mbili.

Ndunge hajui. Sikunyamaza kwa ajili yako, nimenyamaza kwa ajili yake, ana mume mmoja tu. Ila wewe nataka uniandikie ulichofanya, kwa mkono wako. Safari hii usimtume mwuza mkaa.

Mama wa Ndunge


Kayole,
23 Mei 1996

Kwa Mama wa Ndunge,

Ni kweli.

Niliuona mkono. Niliona ile pete yako ya shaba. Nilijiambia mkwe hawezi kumgusa mama mkwe wake, na hilo lilinitosha kwa mzunguko mmoja. Mizunguko mingine mitatu sikujiambia kitu. Niliangalia mbele. Sikuhitaji kukugusa, nilihitaji kumwita Sista tu, na mdomo ulikuwa wazi tayari.

Kadi nimeipeleka. Ningependa kukuambia kwamba niliirudisha, lakini nitakuwa nakudanganya. Jumatatu tarehe ishirini na saba naanza kazi. Ndunge ananipakulia nyama kubwa kuliko ya watoto na siwezi kumeza. Ananiangalia kwa macho ambayo sijayaona tangu tuoane, na ninaona afadhali angenitukana.

Nakuomba msamaha. Hapo nimemaliza, na sasa nitasema na hili kwa sababu linanichoma: ungeongea! Sista alitubembeleza. Ungesema hata Baba Yetu, ingekatika katikati, angesikia, angekuja kabla hujaanguka. Ulinyima sauti yako ukumbi mzima ili mimi nisiisikie. Kichwa chako ni kigumu kuliko ile saruji.

Mwambie Ndunge ukitaka. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi.

Baba Mbeti


Makadara,
29 Mei 1996

Kyule,

Nimeliandika jina lako. Nimengoja kidogo nione kama dari itaanguka. Haijaanguka.

Vizuri kwamba uliipeleka kadi. Ungeirudisha ningekutukana zaidi, maana watoto wa Ndunge hawali majuto yako. Na Ndunge usimwambie. Ukimwambia lako, na mimi itabidi nimwambie langu.

Barua yako ya Aprili sikuijibu. Labda ulidhani nimekosa la kusema. Agosti ile, Kyule, nilikuwa nimesimama uani naangalia barabara, kwa sababu nilikuwa na hamu ya kuliona hilo blanketi. Niliona shati jeupe kwenye daraja la mawe. Niliona umekaa chini, mkono kifuani. Nilijiambia umelewa. Lakini baba yake Ndunge alikufa mbele ya macho yangu akiwa ameshika kifua hivyo hivyo, kwa hivyo nilijua si pombe. Nilijua, halafu nikajiambia nthoni, mama mkwe hamkimbilii mkwe wake barabarani. Ningeweza kumtuma mtu. Ua lilikuwa limejaa wanawake, hata mmoja angeshuka. Niliona aibu waone mkwe wangu ameketi kwenye vumbi. Nikaingia ndani kukoroga mchuzi.

Mwuza mkaa alipofika nilishukuru, maana alinipa kitu cha kukukasirikia. Nimekukasirikia miaka saba ili nisiukumbuke ule mchuzi. Wewe ulipita mkono wangu mara nne. Mimi sijui nilikoroga mara ngapi.

Usidhani nakupenda. Bado unahema vibaya, na bado ulinipita.

Ndunge anasema blanketi lile liko juu ya kabati lenu, kwenye karatasi yake. Lilete Jumapili baada ya ibada. Mbuzi mwache, hapa hakuna pa kumfunga. Usimtume mtu. Kwa Kavutha ni orofa ya tatu, ngazi arobaini na nane, nimezihesabu kwa jasho langu. Panda polepole, na upande ukiongea kwa sauti. Hesabu, imba, nitukane ukitaka, mlango nitauacha wazi nikusikie. Daktari amenikataza ngazi mwezi mzima, kupanda na kushuka. Lakini ukinyamaza, nitashuka.

Mbinya